Mahari yako, programu ya simu, na ahadi ya laki tano kwa mwezi



Wiki mbili zilizopita bi harusi mmoja wa hapa Unguja aliniandikia. Ndoa yake ni karibuni inshaAllah, na mume anamchukua bara, Mbulu, mkoa wa Manyara, ambako bwana harusi ananunua na kuuza vitunguu swaumu. Swali lake halikuwa la gauni wala la hina. Mahari yake ni milioni moja na nusu taslimu, na kijana mmoja fundi wa kompyuta amemwambia kwamba kwa milioni moja na laki mbili atamtengenezea programu ya simu ya wanawake wa Kiislamu wa huko anakokwenda. Itakuwa na nyakati za sala, dua na mambo ya harusi. Ndani yake ataweka matangazo, na matangazo hayo yatamlipa laki tano kila mwezi naye amekaa kwake, hatoki, hakosani na mume, hagombani na mtu. "Da, nimpe?"

Nilimjibu siku ile ile: usimpe. Lakini "usimpe" peke yake ni jibu la mtu mwenye haraka, na wapo wengi wanaojiuliza kama yeye, kwa hiyo leo nataka kulieleza vizuri. Wala msidhani nazipinga programu za simu. Naipenda sana moja, ndogo, iliyotengenezwa na mwanamke wa ukoo wetu, na ndiyo iliyonifundisha nitakayoyasema.

Kwanza mahari. Mahari ni yako. Si ya baba, si ya mume, si ya fundi wa kompyuta. Sura ya An-Nisaa imelisema hilo mapema kabisa, katika aya ya nne, na kwenye sura hiyo hiyo mna aya inayompa mwanamke fungu la kile alichokichuma mwenyewe. Ukitaka kuifanyia biashara, fanya. Bibi Khadija radhiyallahu anha alikuwa mfanyabiashara kabla hajaolewa na Mtume wetu, na hakuna aliyemuona amekosea. Ninachokataa mimi ni kuitoa yote kwa hesabu ambayo hujaipiga mwenyewe.

Sasa niwapeleke Katesh.

Binti wa mama yangu mdogo aliolewa Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang, jirani na Mbulu. Kwetu sisi tuliozoea bahari, ni safari: boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi la Dodoma na Singida, mpaka uuone mlima Hanang umesimama peke yake, mita 3,420, mji uko chini ya miguu yake. Baridi ya asubuhi ni ya kuvalia sweta mbili. Majirani zake ni Wairaqw na Wabarabaig, na mwanamke wa Kibarabaig akiolewa ana sketi yake ya ngozi kama sisi tulivyo na kanga zetu. Waislamu wapo, wana misikiti na madrasa zao, lakini ni wachache. Hiyo ni nchi ya Wakatoliki na Walutheri. Hospitali kubwa ya Haydom, upande wa Mbulu, ni ya Kilutheri tangu ilipoanza mwaka 1955. Watu wema, wallahi. Mwezi wa Desemba 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka mlimani vikaua watu na kufukia nyumba za Katesh, ndugu yangu aliniambia kwamba siku zile hakuna aliyeuliza jirani anasali wapi.

Ramadhani yake ya kwanza huko alikwenda na kalenda ya ukutani kutoka kwetu, ile ya nyakati za sala. Akawa anafungua saumu kwa kalenda hiyo. Siku ya tatu mkwe wake akamwita nje, akamwonyesha jua. Lilikuwa bado halijazama! Masikini, alilia. Sababu yake ni nyepesi ukiielewa: kila ukienda nyuzi moja magharibi, jua linachelewa dakika nne, na kutoka Unguja mpaka Katesh ni karibu nyuzi nne. Ni robo saa nzima. Hata kibla kinahama kidogo. Kwetu ni kaskazini moja kwa moja, kwao kinapinda kulia kama nyuzi tisa. (Mabiharusi mnaokwenda bara, kalenda ya nyumbani iacheni kwa mama.)

Ndipo alipotengeneza programu yake. Alikuwa amesoma kompyuta chuoni kabla ya kuolewa, akaiandika mwenyewe usiku watoto wakilala. Ndani yake mna nyakati za Katesh, Basotu, Mbulu mjini, Dongobesh na Haydom. Mna ukurasa wa matangazo ya akina mama: darsa iko kwa nani wiki hii, nani amefiwa, nani anaoza. Na mna daftari la kulipa saumu, ambalo ndilo lililowafanya wanawake waipende. Kila mmoja wetu ana siku zake za Ramadhani anazodaiwa. Unaandika siku ulizokula, unazifuta kila ukilipa, na Shaaban ikikaribia inakukumbusha. Unaweza kuona ni jambo dogo. Muulize mwanamke mwenye watoto watano ambaye kila mwaka anakisia anadaiwa siku ngapi.

Waliokuwa wakiifungua katika mwezi wa Ramadhani walikuwa kama mia tatu kwa siku. Miezi mingine chini ya hapo.

Tupige hesabu basi, na wewe bi harusi wa Mbulu chukua kalamu. Matangazo ya ndani ya programu hayaletwi na mtu anayekuja kubisha hodi. Unajiunga na kampuni ya kati, inayojulikana zaidi ni AdMob ya Google, unapandikiza kipande cha programu yao ndani ya programu yako, na wao wanaleta matangazo kutoka kwa wafanyabiashara wao. Unalipwa kwa wingi wa mara ambazo tangazo limeonekana na kubonyezwa. Bei hubadilika kila siku, na hutegemea sana watazamaji wako wako nchi gani. Anayetazama akiwa London analeta zaidi kuliko anayetazama akiwa Dongobesh, kwa sababu mwenye kutangaza anajua nani ana pesa ya kumpa.

Chukua mfano wa senti 30 za dola kwa kila mara elfu moja tangazo linapoonekana. Wanawake 300, kila mmoja aone matangazo matatu kwa siku, ni 900. Kwa mwezi ni 27,000. Zidisha: dola 8 na senti 10. Tukiihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, ni kama shilingi 20,000. Hiyo ni kwa mwezi unaokwenda vizuri.

Na hiyo elfu ishirini huipati mwezi huo. AdMob hawalipi mpaka ufikishe dola 100. Kwa mwendo huo ni mwaka mzima na zaidi. Kabla ya hapo, ukifikisha kama dola 10, wanatuma kwa posta barua yenye namba ya siri ili wahakikishe unaishi unaposema unaishi. Kwa posta, dada zangu, katika nchi ambayo wengi wetu hatuna sanduku la barua, tunaazima la skuli au la ofisi ya mume.

Sasa geuza hesabu uone ahadi ya yule kijana. Laki tano kwa mwezi ni dola 200. Kwa bei ile ile ya mfano, tangazo lazima lionekane mara 667,000 kwa mwezi, zaidi ya 22,000 kwa siku. Kila mmoja akiona matatu, unahitaji wanawake 7,400 wafungue programu yako kila siku iendayo kwa Mungu, Ramadhani na isiyo Ramadhani, wenye hedhi na wasio na hedhi, wenye bando na wasio na bando. Wako wapi hao, Mbulu na Hanang? Sensa ya 2022 haikuuliza watu dini zao, hivyo hakuna wa kutupa idadi ya Waislamu wa huko, lakini mtu akifika tu sokoni na kuhesabu mitandio ataelewa. Na hata hao waliopo, si kila mmoja ana simu ya kupangusa.

Huenda kijana hakukusudia kudanganya. Huenda ameona mahali mtu wa India au Misri anajisifia. Lakini yeye atalipwa milioni na laki mbili siku ya kwanza, na wewe ndiye utakayebaki unaingoja barua ya posta. Kuweka programu kwenye Play Store, usajili wake ni dola 25, unalipa mara moja tu. Hizo zinazobaki ni zake.

Hapa nina la kukiri, na nalisema hadharani ili mtu mwingine asirudie. Ndugu yangu alipotuambia kwamba analipwa matangazo yakibonyezwa, mimi ndiye niliyeandika kwenye kundi la familia: "Jamani, kila mtu aingie kwenye programu ya dada amsaidie, bonyezeni matangazo." Tukabonyeza! Shangazi zetu, mabinamu, watoto wa skuli, mpaka walioko Muscat. Siku tatu tunabonyeza kwa huruma. Ya nne akaunti yake ikafungwa. Ile kampuni ya matangazo aliyokuwa nayo iligundua mibonyezo ya uongo, na dola arubaini na kitu alizokusanya kwa miezi zikaondoka. Haikuwa kosa lao. Kampuni zote za aina hii zinakataza jambo hilo, limeandikwa katika masharti ambayo hatusomi.

Nilikasirika kwanza, nikasema wametudhulumu. Baadaye nikakaa nikafikiri. Kuna mwenye duka mahali fulani aliyelipa ili tangazo lake lionwe na mtu anayetaka kununua. Mimi nimebonyeza na sina haja na bidhaa yake, sina hata nia ya kuisoma, ila nataka pesa yake iende kwa ndugu yangu. Kama ningeifanya hiyo kwa mkono dukani kwake, jina lake tunalijua sote. Kwa hiyo shoga yako akikuomba umbonyezee, mnyime. Mpe elfu mbili mkononi, ni halali zaidi, na pengine ni nyingi kuliko ambazo mibonyezo yako ingemletea.

Alianza tena na kampuni nyingine. Jioni moja ya Ramadhani, mwanamke mmoja wa Basotu akampigia picha skrini na kumtumia. Pale juu imeandikwa Magharibi imeingia. Chini yake, kwa rangi ya kung'aa, tangazo la kamari ya mpira.

Mwenye programu anaweza kuzuia. Kwenye mipangilio mna sehemu ya kuchagua aina za matangazo usizozitaka: kamari, pombe, kutafuta wapenzi, na nyinginezo. Ndugu yangu alizuia. Lakini kichujio ni kichujio, punje hupita. Kamari ikizuiliwa, inakuja mikopo ya simu. Na mikopo hiyo tunaijua: riba juu ya riba, na ukichelewa wanawatumia ujumbe mama mkwe na bosi wako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ukizuia mikopo, inakuja krimu ya kukufanya mweupe, kisha mganga. Unajikuta kila asubuhi unakagua mlango wako nani amebandika nini usiku.

Hilo la tangazo baya, hata hivyo, linaonekana. Linaloniogopesha mimi ni lile lisiloonekana.

Nimesema unapandikiza kipande cha programu ya kampuni ndani ya yako. Kipande hicho hakionyeshi picha tu. Kinaangalia. Ni simu gani, iko wapi, inafunguliwa saa ngapi, mwenyewe anapenda nini, kwa sababu tangazo linalomjua mtu huuzwa ghali zaidi. Mwezi wa Novemba 2020 waandishi wa habari wa Motherboard walieleza kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala iliyokwisha kupakuliwa mara zaidi ya milioni 98 duniani, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode, na X-Mode ilikuwa ikiwauzia wakandarasi, na kupitia kwao jeshi la Marekani. Watu walifungua simu wajue alasiri saa ngapi. Wenye Muslim Pro walikana kuliuzia jeshi moja kwa moja, na wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Lakini kilichokwisha kwenda kimekwenda.

Mwaka uliofuata, Januari 2021, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki za wanunuzi ilifikia makubaliano na Flo, programu ya kufuatilia hedhi na mimba inayotumiwa na wanawake zaidi ya milioni mia moja. Tume ilidai kwamba Flo iliwaahidi wanawake siri, huku taarifa zao zikifika kwa Facebook, Google na wengine kupitia vipande vile vile vilivyopandikizwa ndani. Kampuni haikukiri kosa, lakini ilikubali masharti.

Sasa rudi kwenye daftari la saumu la Katesh. Mwanamke akiandika siku ambazo hakufunga, ameandika nini? Ameandika hedhi yake. Ameandika mimba, nifasi, maradhi. Mambo ambayo somo wako alikufundisha usiyaseme hata mbele ya wifi. Na ameyaandika kwa sababu anamjua aliyetengeneza, ni mke wa fulani, anakuja darsani, alipika siku ya msiba wetu. Amana hiyo haikutoka kwa Google. Ilitoka kwa kukaa pamoja. Kisha ndani ya nyumba hiyo hiyo ukaribishe mgeni wa mbali mwenye daftari lake, akulipe elfu ishirini kwa mwezi?

Mtaniambia nimekuza jambo, kwamba matangazo kwenye ukurasa mmoja hayasomi kilichoandikwa kwenye ukurasa mwingine mpaka mwenye programu aruhusu. Inaweza kuwa hivyo, na fundi mwangalifu anajua kutenganisha. Lakini yule aliyeahidiwa milioni na laki mbili atakuwa mwangalifu kiasi hicho? Na wewe utajuaje? Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya ya mtu na dini yake zimo katika zile zinazohesabiwa kuwa nyeti. Mwenye programu ndiye atakayeulizwa. Mwenye programu ni wewe bi harusi, uliyetaka kukaa kwako bila kugombana na mtu.

Ndugu yangu aliviondoa vipande vyote vya matangazo. Mume wake alimwona amechanganyikiwa. Miezi miwili programu haikuingiza hata shilingi.

Kisha akafanya kitu ambacho nilikuwa nimemwambia na hakukisikia, na mama mkwe akamwambia mara moja akakisikia (ndivyo ndoa zilivyo). Akabeba simu yake akaenda kwa mpishi wa pilau wa shughuli, pale pale mjini. Akamwonyesha: wanawake hawa wote wanafungua hapa, na wote wanaoza na kuolewa. Nipe elfu kumi kwa mwezi, jina lako na namba yako vikae chini ya nyakati za sala. Mpishi akakubali. Akaja fundi cherehani. Akaja mchora piko wa Babati anayezunguka kwenye harusi mpaka Mbulu. Akaja mwenye duka la mabaibui na mitandio, yeye huyo alitaka nafasi kubwa kwa miezi ya Rajabu na Shaaban, akalipa zaidi. Tangazo ni picha tu iliyowekwa na mkono wake mwenyewe. Haimwangalii mtu, haiendi na taarifa ya mtu, na pesa inakuja kwa simu siku hiyo hiyo, bila barua.

Wanne kwa elfu kumi kumi ni elfu arubaini. Mara mbili ya ile tuliyoihesabu juu, na wanawake ni wale wale mia tatu.

Nafikiri hapa ndipo watu wanapokosea kuhusu programu ndogo. Kwa kampuni kubwa, wanawake mia tatu wa Hanang si kitu, ni vumbi kwenye mizani. Kwa mpishi wa pilau wa Katesh, wanawake mia tatu wa Hanang ni soko lote la dunia. Anawataka hao tu, hana haja na wa Jakarta. Ukiuza uchache wako kwa anayeuhitaji, una thamani. Ukiupeleka kwenye soko linalohesabu kwa mamilioni, unakuwa takataka, na ukajitia kwenye mtego wa kutafuta wingi: kuweka udaku, kuweka video, kumsumbua mtu kwa ujumbe usiku ili tu aifungue.

Lina taabu zake pia, nisidanganye. Unadai. Mchora piko alichelewa miezi miwili, na kumdai mtu mnayekutana naye darsani kunahitaji kifua. Unakataa pia, na kukataa mji mdogo ni kazi. Alikuja mtu na dawa ya kunenepesha makalio, kwa pesa nzuri, akakataliwa, na mke wake akanuna mpaka Idi. Na ukiandika tangazo la mtu, unamdhamini hata kama hukusema hivyo. Mpishi akiunguza pilau, utasikia wewe.

Wala si mshahara. Elfu arubaini inanunua bando, umeme na maziwa ya mtoto. Ndugu yangu bado anafundisha, bado anafuga kuku. Ukitaka laki tano kwa mwezi Mbulu, muulize mumeo bei ya gunia la vitunguu swaumu mwezi wa kuvuna na bei yake miezi minne baadaye, kisha muulize ghala linakodishwa wapi.

Basi nikamwandikia bi harusi wangu hivi. Nenda kwanza kwako salama. Mahari iweke mahali pako. Kaa Ramadhani moja, ujue wanawake wa Mbulu wanakosa nini, huenda hata si nyakati za sala. Ukiona bado unaitaka programu, ujue kwamba Google sasa inamtaka mwenye akaunti mpya ya mtu binafsi awe na watu 12 wa kuijaribu programu kwa siku 14 mfululizo kabla haijawekwa hadharani. Watafute hao 12 wewe mwenyewe, si fundi. Ukiwapata na siku ya kumi na tano bado wanaifungua bila kuombwa, basi tafuta kijana mwingine, mwenye bei ya haki, na umwambie siku ya kwanza kabisa kwamba hutaki kipande cha mtu mwingine ndani.

Alikaa siku mbili bila kujibu. Nilidhani amenuna.

Jana usiku akaleta ujumbe. Kijana wa kompyuta ameshuka mpaka laki nane, na yeye amemwambia asante, hapana. Kisha akauliza: kama siku moja ataitengeneza, je, mume wake na vitunguu vyake anaweza kuwa tangazo la kwanza?

Nikamwambia anaweza. Ila alipe elfu kumi kama wenzake.